UCHAMBUZI: Sarafu ndogo ikifutwa, ni nani anayelipa?

MNAMO Novemba 12, 2025, kiwanda cha serikali ya Marekani cha kufua sarafu mjini Philadelphia kilifua senti moja ya mwisho ya kutumiwa na umma. Sarafu ya thamani hiyo ilianza kutolewa nchini humo mwaka wa 1793.

Sababu iliyotolewa ni nyepesi kueleweka. Katika mwaka wa fedha wa 2024, kila senti moja iliigharimu serikali hiyo takriban senti 3.69. Hakuna mchuuzi awezaye kununua embe kwa karibu shilingi nne, akaliuza kwa shilingi moja, na bado akasema yumo katika biashara.

Hata hivyo, uamuzi huo umezua swali ambalo hesabu za wizara ya fedha pekee haziwezi kulijibu. Bei zinapoendelea kuandikwa kwa senti ilhali senti zenyewe hazipo, hiyo tofauti huishia mfukoni mwa nani?

Swali hili si geni. Taifa moja dogo la Ulaya ya Kati lililikabili zaidi ya miaka 20 iliyopita, likafuta sarafu zake ndogo mara mbili katika muda wa miaka mitano. Taifa hilo ni Jamhuri ya Cheki, na sarafu iliyozikwa iliitwa haleri, ambayo wenyewe huiandika haléř. Haleri 100 hufanya koruna moja.

Jina tunalolijua

Huenda msomaji akauliza: sarafu ya Wacheki yatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Jibu limo kinywani mwake.

Neno "hela", ambalo Waswahili hulitumia kwa maana ya fedha, lilitokana na neno la Kijerumani "heller". Mnamo 1904, utawala wa Kijerumani katika Tanganyika uliacha mfumo wa zamani uliogawa rupia moja katika pesa 64. Badala yake, rupia ikagawanywa katika heller 100. Sarafu za heller zikaenea masokoni kutoka pwani hadi bara, na jina likabaki hata baada ya sarafu zenyewe kutoweka.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipozingirwa na kukosa fedha kutoka kwao, walifua sarafu za dharura mjini Tabora mwaka wa 1916. Miongoni mwazo zilikuwamo za heller 5 na heller 20, zilizotengenezwa kwa shaba chakavu.

Jina hilo la heller lilianzia katika mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ulikofuliwa sarafu ndogo ya fedha katika Enzi za Kati. Kutoka huko lilisambaa hadi Bohemia, ambayo leo ndiyo sehemu kubwa ya Jamhuri ya Cheki. Himaya ya Austria na Hungaria ilipoanzisha fedha mpya mwaka wa 1892, iligawa kila krone katika heller 100. Wacheki wakaziita koruna na haleri, na Chekoslovakia ilipozaliwa mwaka wa 1918 ikayarithi majina hayo.

Kwa hivyo, hela ya Mswahili na haleri ya Mcheki ni watoto wa baba mmoja. Mmoja alipoteza mwili akabaki jina. Mwingine, kama tutakavyoona, alifuata njia iyo hiyo karibu karne moja baadaye.

Kuzaliwa kwa haraka

Haleri tunayoizungumzia ilizaliwa kutokana na talaka. Mnamo Januari 1, 1993, Chekoslovakia iligawanyika kwa amani na kuwa mataifa mawili, Jamhuri ya Cheki na Slovakia. Viongozi walikuwa wamekubaliana kuendelea kutumia fedha moja kwa muda, lakini makubaliano hayo hayakufikisha hata siku 40. Mnamo Februari 8, 1993, kila nchi ilianza kutumia fedha yake.

Noti za muda zilipatikana kwa njia rahisi: noti za zamani zilibandikwa stempu. Sarafu hazibandikiki stempu. Ilibidi zile ndogondogo za shirikisho lililovunjika ziendelee kupokewa kwa miezi kadhaa hadi mpya zipatikane.

Hapo ndipo Wacheki walipokutana na kikwazo ambacho wachache walikuwa wamekifikiria. Kiwanda cha sarafu cha Chekoslovakia kilikuwa Kremnica, mji wenye historia ya ufuaji tangu mwaka wa 1328. Mji huo ulikuwa upande wa Slovakia. Mume na mke walipogawana vyombo, jiko lilibaki kwa mmoja.

Ndiyo maana sarafu za kwanza za taifa hilo jipya zilifuliwa ughaibuni, katika jiji la Hamburg nchini Ujerumani na jiji la Winnipeg nchini Kanada. Zile za Winnipeg huweza kutambuliwa hadi leo kwa alama ndogo ya jani la mmepo. Wakati huo huo, kiwanda cha Wacheki wenyewe kilianzishwa mwaka huo wa 1993 katika mji wa Jablonec nad Nisou, kaskazini mwa nchi, mji uliokuwa mashuhuri kwa vito vya kioo na mapambo.

Simba na tarakimu

Sarafu hizo mpya zilipangwa kwa makini. Upande mmoja wa kila sarafu una simba wa Bohemia, mwenye taji na mkia uliogawanyika mara mbili, pamoja na jina la nchi na mwaka. Upande wa pili una thamani na mchoro.

Sarafu za thamani kubwa zilipewa historia ya taifa. Ile ya koruna 1, iliyobuniwa na Jarmila Truhlíková-Spěváková, ina taji la Mtakatifu Wenceslas. Ile ya koruna 5, kazi ya Jiří Harcuba, ina Daraja la Charles la jijini Prague. Ya koruna 10, ya Ladislav Kozák, ina kanisa kuu la Brno.

Haleri 10, iliyobuniwa na Jiří Pradler, haikuwa na nafasi ya fahari nyingi namna hiyo. Ilikuwa na kipenyo cha milimita 15.5, karibu sawa na kifungo cha shati, na uzani wa gramu 0.6 tu. Ile ya haleri 20 ilikuwa na gramu 0.74, na ya haleri 50 gramu 0.9. Zote tatu zilikuwa za alumini.

Tafakari maana ya uzani huo. Sarafu 1,000 za haleri 10, ambazo thamani yake ni koruna 100, hazikufikisha hata kilo moja. Mtu aliyepokea moja kiganjani hakuhisi kama amepewa kitu. Alumini ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi na nyepesi, lakini wepesi huo ndio uliozifanya sarafu hizo zidharauliwe.

Aidha, urahisi wa madini haukupunguza kazi ya kuzifua. Msanii huchonga kwanza sura ya sarafu kwenye plasta, ikiwa kubwa mara kadhaa kuliko sarafu yenyewe. Sura hiyo hupunguzwa kwa mashine hadi kipimo kinachotakiwa na kuhamishiwa kwenye chapa ya chuma kigumu. Vipande vya duara hukatwa kutoka kwenye bamba la madini, kingo zake zikainuliwa kidogo, kisha kila kimoja kikabanwa kwa nguvu kubwa kati ya chapa mbili. Baada ya hapo huhesabiwa, hufungwa, hulindwa na kusafirishwa hadi benki.

Hatua hizo ni karibu zile zile kwa sarafu ya haleri 10 na kwa sarafu ya koruna 50, ambayo thamani yake ni mara 500 zaidi. Hiki ndicho kiini cha tatizo la sarafu ndogo kote duniani. Thamani yake hushuka kila bei zinapopanda, ilhali gharama ya kuifua, kuihesabu na kuibeba haishuki kamwe.

Mazishi mawili

Katika miaka ya tisini, bei nchini humo zilipanda huku uchumi ukibadilika kutoka mfumo wa kikomunisti hadi soko huria. Haleri zikaanza kusafiri upande mmoja tu: kutoka benki hadi dukani, kutoka dukani hadi mfukoni, na kutoka mfukoni hadi kwenye chupa au droo nyumbani, zisirudi tena. Benki Kuu ikawa inafua sarafu mpya ili kujaza pengo la zile zilizolala.

Oktoba 31, 2003 ikawa siku ya mwisho ya haleri 10 na haleri 20 kutumika kihalali. Haleri 50 ilibakizwa, na jumla za malipo zikawa zinasogezwa kwenye nusu koruna iliyo karibu.

Miaka mitano baadaye zamu yake ikafika. Agosti 31, 2008, haleri 50 iliondolewa pamoja na noti ya koruna 20. Tangu siku hiyo, sarafu ndogo kabisa mikononi mwa Mcheki ni ile ya koruna 1, ambayo kwa viwango vya mwishoni mwa 2025 ni sawa na takriban shilingi sita za Kenya.

Utaratibu uliofuatwa unastahili kuangaliwa kwa makini. Tarehe zilitangazwa mapema. Wenye sarafu waliruhusiwa kuzibadilisha benki baada ya siku ya mwisho, na Benki Kuu ikaendelea kuzipokea za haleri 50 hadi Agosti 31, 2014. Mwananchi aliyekuwa na chupa ya alumini kabatini alipewa miaka sita ya kuifikisha.

Fauka ya hayo, haleri haikufutwa katika hesabu. Bei zingali zikiandikwa kwa haleri, na benki zingali zikihesabu kwa haleri. Anayelipa kwa kadi hulipa kiasi kamili. Kinachosogezwa hadi koruna nzima ni jumla ya mwisho ya anayelipa kwa fedha taslimu. Ikiwa ziada haifiki haleri 50, jumla hushuka. Ikifika haleri 50 au zaidi, jumla hupanda.

Hesabu ya mkate

Kwa mtazamo wa kwanza, mpango huo ni wa haki isiyo na dosari. Leo mteja atapunjwa haleri 30, kesho dukani atapunjwa muuzaji. Mwisho wa mwaka mizani italingana.

Lakini hebu tuipime kwa mfano. Tuseme mkate unauzwa kwa koruna 19.90, maana wenye maduka, huko na hapa kwetu, hupenda bei ionekane pungufu kidogo.

Anayenunua mkate mmoja hulipa koruna 20. Amepoteza haleri 10. Anayenunua mitano kwa mpigo hudaiwa 99.50, naye hulipa 100. Anayenunua sita hudaiwa 119.40, na hapo jumla hushuka hadi 119. Huyu amepata faida ya haleri 40.

Sasa mtazame ajuza anayenunua mkate mmoja kila siku kwa siku sita, kwa kuwa mfuko wake haumruhusu zaidi. Atalipa koruna 20 mara sita, yaani 120. Mikate ni sita kwa sita, lakini aliyenunua yote kwa mara moja amelipa koruna moja pungufu.

Koruna moja si kitu, atasema mtu. Ni kweli kwa siku sita. Lakini kanuni iliyofichika ni hii: kukadiria jumla hulingana kwa mwenye kikapu kikubwa chenye bidhaa za bei mbalimbali, na humwelemea anayenunua kimoja kimoja. Na mara nyingi anayenunua kimoja kimoja ndiye maskini. Ongeza kwamba mwenye kadi hatozwi chochote cha ziada, ndipo utakapoona mzigo umetua kwenye bega lipi. Bandu bandu huisha gogo.

Hii haina maana kwamba Wacheki walikosea. Kuendelea kufua sarafu ambazo hakuna azitakaye ni kutumia kodi ya ajuza huyo huyo kujaza chupa za watu wengine. Maana yake ni kwamba gharama haikutoweka. Ilihamishwa kutoka hazina ya taifa hadi kaunta ya duka, na serikali yenye busara hujua imeihamishia kwa nani.

Kumbukumbu ya 1953

Kwa nini basi Wacheki waliipokea hatua hiyo bila ghasia? Sehemu ya jibu ni ndogo: haleri zilikuwa kero. Sehemu kubwa zaidi imo katika historia yao, kwani taifa hilo limewahi kuonja fedha inavyofutwa kwa hila.

Mwishoni mwa Mei 1953, Rais Antonín Zápotocký aliwahakikishia wananchi wa Chekoslovakia kupitia redio kwamba fedha yao ilikuwa imara. Siku iliyofuata, mageuzi ya fedha yakatangazwa. Kila mtu aliruhusiwa kubadilisha koruna 300 za taslimu kwa kiwango cha koruna tano za zamani kwa moja mpya. Zilizozidi hapo zilibadilishwa kwa kiwango cha 50 kwa moja. Akiba za maisha za watu wa kawaida ziliyeyuka.

Juni 1, 1953, wafanyakazi wa kiwanda cha Škoda mjini Plzeň walimiminika barabarani, na maandamano yao yakazimwa kwa nguvu.

Ukiyaweka matukio haya mawili sambamba, funzo hujitokeza. Mwaka wa 1953 fedha ilibadilishwa kwa ghafla, baada ya kiongozi wa nchi kukana hadharani. Mwaka wa 2008 sarafu ya nusu koruna tu, isiyotosha kununulia hata kipande cha mkate, ilipewa tarehe, tangazo na miaka sita ya kubadilishwa. Sarafu hufanya kazi kwa sababu aliyeishika anaamini aliyeitoa hatamgeuka, na imani hiyo haipimwi kwa ukubwa wa sarafu. Inapimwa kwa jinsi anavyotendewa mwenye sarafu ndogo kabisa.

Sumuni yetu iko wapi?

Sisi tuliozaliwa miaka ya mwanzo ya uhuru tunakumbuka ndururu, ile sarafu ya senti 5, na peni ya senti 10. Mtoto aliyetumwa dukani akabakiza ndururu alirudi na peremende shavuni. Tunaikumbuka pia sumuni, senti 50, iliyokuwa nauli ya kutosha kumfikisha mtu alikokwenda.

Sarafu hizo hazikuzikwa kwa sherehe. Zilipungua mikononi kadiri bei zilivyopanda, hadi siku moja ukagundua hujaiona moja kwa miaka. Benki Kuu ya Kenya ilipozindua sarafu mpya mnamo Desemba 2018, zenye picha za wanyama kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, zilikuwa za shilingi 1, 5, 10 na 20. Sumuni haikuwamo katika msafara huo.

Ilhali senti zingali hai katika karatasi. Oktoba 2023, petroli jijini Nairobi iliwekewa bei ya Sh217.36 kwa lita. Hizo senti 36 hakuna aliye nazo mfukoni. Mwendesha bodaboda anayenunua lita moja kwa fedha taslimu hulipa kama mwenye pampu atakavyoamua.

Mwandishi huyu amewahi, si mara moja, kupewa peremende badala ya chenji katika duka moja kubwa la kujihudumia. Nilipojaribu siku nyingine kulipia sehemu ya bidhaa zangu kwa peremende zile zile, msichana wa kaunta alicheka, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Hakuzipokea. Kumbe zilikuwa fedha kwa njia ya kwenda tu, hazikuwa fedha kwa njia ya kurudi.

Hiyo ndiyo tofauti kati yetu na Wacheki. Wao waliandika kanuni: jumla hupanda hapa, hushuka pale, na kila mteja huijua. Kwetu mara nyingi ni mazoea ya kaunta yanayoamua, na mazoea ya kaunta hayajulikani kwa kushuka.

Taifa ambalo mamilioni ya watu wake hununua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kadogo na sukari kwa vijipakiti lina sababu kubwa zaidi ya kulitafakari jambo hili kuliko Wacheki. Kwa mnunuzi wa kadogo, kila ununuzi ni ule mkate mmoja wa ajuza wetu. Hana kikapu cha kumrudishia alichopoteza.

Hatudai ndururu irudi. Haitarudi, wala haifai kurudi. Linalohitajika ni kanuni iliyo wazi, inayobandikwa ukutani mwa kila duka, ya namna jumla inavyosogezwa pale chenji inapokosekana, na inayompa nafuu mnunuzi wa kidogo. Kama tofauti ni lazima imwangukie mmoja, na imwangukie aliyeandika bei ambayo anajua haina sarafu ya kuilipia.

Wamarekani sasa wameanza safari hiyo. Wacheki waliimaliza mwaka wa 2008. Sisi tulishaifika bila kutangaziwa kwamba tumeondoka, na kila siku kuna mtu kwenye kaunta anayelipia nauli ya safari hiyo, huku hajui ameibeba.